Sentensi ya Ijumaa

Kwa zaidi ya miaka thelathini nilifundisha Kiingereza katika shule za upande wa Kenya, na kila mwaka nilipofika kwenye somo la maneno ya kuunganisha mambo mawili yanayotokea kwa wakati mmoja, nilitumia mifano ile ile: mvua inanyesha, mbwa anabweka, baba anasoma gazeti, mtoto amelala. Wanafunzi walipiga miayo. Mkaguzi mmoja aliandika katika ripoti yake kwamba mifano yangu haina uhai, nami nikamjibu moyoni kwamba uhai ndio hasa ninaoukimbia. Sikuwahi kumwambia mwanafunzi hata mmoja atunge sentensi kutoka nyumbani kwao. Halafu mwezi uliopita, nikiwa nimeshastaafu na kuanza kuzoea kuku na kimya, mke wa mpwa wangu anayeuza vitenge katika soko la Owino, Kampala, akanipigia simu. Alisema ana mteja wa kutoka Bunia, mama wa makamo anayekuja Kampala kununua bidhaa, anayemtafuta mwanamke aliyeishi Mbuya zamani za wanajeshi, Mkenya, jina lake Rosebella, yaani mimi. Ana daftari la mama yake. Nilimwambia ngoja kidogo nifunge mlango. Mlango ulikuwa umefungwa. Kisha nikamuuliza siku gani mteja huyo anarudi Kongo, na kesho yake nikapanda basi.

Mwaka wa kisa hiki ulikuwa wa nne tangu wanajeshi waishike Uganda. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na niliishi na shangazi yangu katika muzigo, yaani chumba kimoja cha kupanga, chini ya kilima cha Mbuya. Pazia liligawa chumba mara mbili. Upande mmoja kitanda chake, upande wa pili mkeka wangu, jiko la mkaa na debe la maji. Ukuta ulikuwa mwembamba kiasi kwamba tulijua jirani anakula nini kwa kusikia tu. Watu walizungumza chini chini, na kila walipofika kwenye jina la mtu waliacha, wakasema "yule" au "wale". "Wale wamekuja kwa yule wa garaji." "Wakamkuta?" "Wakamkuta anakula." Kisha kijiko kwenye sahani. Mchana nilikaa nyuma ya kaunta ya duka la mikate lililobaki na harufu tu, kwa kuwa unga haukuwepo, sukari haikuwepo, na tajiri mpya, ndugu wa askari fulani, hakujua hata tanuri linawashwaje. Wateja walichungulia, nikatikisa kichwa, wakaenda. Nilikuwa na tamaa moja tu: kazi ya ofisini, ya kupiga taipu, na kazi hiyo ilidai Kiingereza kilichonyooka. Kiswahili changu kilikuwa kizuri kuliko cha wote mtaani, lakini Kiswahili Kampala kilikuwa lugha ya kambi na ya soko. Ofisi zilisema Kiingereza.

Kwa hiyo nilijiunga na darasa la Masta Ssali. Alikuwa mwalimu mstaafu, Muganda mrefu mwenye koti la kaki, aliyebeba chaki zake katika kopo la dawa ya kifua, na watu wote walimwita Masta. Alifundisha Jumanne na Ijumaa, kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja, katika ukumbi nyuma ya kanisa. Baada ya hapo kila mtu alitaka kuwa ndani kabla jua halijazama. Tulikuwa kumi na mmoja: walinzi wawili waliokuwa Wakenya wenzangu, mimi, na wengine wote wake za askari waliokaa kwenye nyumba za kambi juu ya kilima. Wake hao walitoka kaskazini, wengine Waislamu, wengine Wakristo, na nyumba nyingine zilikuwa na vyote viwili. Waliketi kwenye madawati ya watoto wa chekechea, magoti yakigusa kidevu, watoto wachanga mgongoni. Muhula ule Masta alishughulika na kitu kimoja tu, namna ya kusema kwa Kiingereza kwamba hili linatokea huku lile nalo linatokea. Alituambia "while" ni ya mambo mawili marefu, kama wanawake wawili wanaotembea barabarani bega kwa bega, hakuna anayemkata mwenzake njia. "When" ni ya jambo fupi linaloingia katikati ya refu: mnakula, mtu anapiga hodi. Mfano huo hatukuhitaji kuelezwa mara mbili. "As" ni ya mambo yanayokua pamoja. Kadiri chumvi inavyoadimika ndivyo foleni inavyorefuka. "Meanwhile" ni ya watu walio mbali wasioonana. Alituchoresha mistari kwenye daftari, miwili miwili, mirefu na mifupi, na mimi niliipenda mistari ile. Katika mji ambao hakuna aliyejua jambo gani limesababisha lipi, nilipata mahali ambapo mambo yanapangika.

Masta alikuwa na desturi yake. Kila Ijumaa alichagua sentensi moja iliyo bora, ikaandikwa ubaoni kwa mwandiko mzuri, na chini yake jina kamili la aliyeitunga. Pembeni aliandika "Usifute", na ilikaa hapo hadi Jumanne. Ukumbi ulitumiwa na kila mtu, watoto wa chekechea, kwaya, mikutano, na wote walilizungukia neno lile. Usicheke. Wanawake wale majina yao hayakuandikwa mahali popote isipokuwa kadi ya kliniki na orodha ya sukari, tena huko waliandikwa mke wa fulani. Nilimwona mama mmoja mzima akirudi Jumamosi, amevaa vizuri, kuja kulitazama jina lake tu. Sharti la Masta lilikuwa moja: sentensi iwe ya kweli, itoke nyumbani kwako, juma hilo hilo. "Ya uongo utaisahau," alisema. "Ya kweri itakaa kichwani." Luganda ilimfanya abadilishe r na l kila alipozungumza Kiswahili, na mimi aliniita Losa. Kwa kuwa nilikuwa mwepesi kuliko wenzangu, alinifanya msimamizi: nilikusanya madaftari, nikasaidia wanaochelewa kuelewa, na miongoni mwa hao ndipo alipokuwa Candiru.

Candiru alikuwa Mlugbara wa kule Arua, Mkatoliki, ameolewa na dereva wa jeshi Mwislamu aliyeitwa Sajini Juma, na alikuwa na binti wa miezi tisa, Amina. Kwa hiyo kwa watu wa kilimani alikuwa Mama Amina. Alikuwa rafiki yangu, na ninasema hivyo nikijua ninachodai. Kila alipopata sukari ya jeshi alinigawia kikombe, akakifunika kwa jani la mgomba ili wanawake wenzake wa foleni wasione. Alhamisi moja nilipanda kwake tukafanye zoezi. Alikuwa anapika wali na mukene, vile visamaki vikavu, na nyumba nzima ilinukia. Wali mwaka ule ulikuwa kitu cha kumfanya mtu asahau adabu. Aliketi kizingitini akiosha mchele, akimwaga maji taratibu asipoteze punje. Nyuma ya nyumba mumewe alikuwa ameinama kwenye karai, mikono ya shati imekunjwa. Alikuwa mtu mdogo, mpole, mwenye sauti ya chini. "Mwalimu mdogo, karibu," akanitania, akaendelea kusugua. Tulikula, nikaongezewa, nikaongezewa tena. Nilipotoka kwa mlango wa nyuma ilinibidi niiname, maana kwenye waya wa nguo, baina ya nepi za Amina, zilikuwa zimeanikwa kamba, kamba nene mbili tatu, na tone la maji likanidondokea shingoni. Nikajifuta. Nilichofikiri, na nakumbuka vizuri kwa sababu nimejilazimisha kukumbuka, ni kwamba wake za askari wana bahati, hata kamba wanazo, sisi tunaanika nguo kwenye uzi wa katani.

Kesho yake, Ijumaa, Masta alikuja shavu limevimba kwa jino. Alivumilia saa moja, kisha akanipa ile kalamu yake nyekundu. "Losa, sahihisha wewe. Ya ubaoni chagua wewe." Nilikuwa nimeingoja kalamu ile tangu siku ya kwanza. Watu wakaacha madaftari, wakaenda, nami nikakaa peke yangu kama hakimu. Mlinzi mmoja aliandika kwamba wakati yeye analinda, tajiri wake anakoroma. Nzuri, lakini alikosea kitenzi. Mama mwingine alichanganya refu na fupi. Nikafika kwa Candiru, ambaye kwa majuma saba hakuwahi kupata alama, nikakuta sentensi imenyooka kama rula. Kwa Kiingereza kisicho na kosa aliandika kwamba wakati yeye alikuwa anaosha mchele, mume wake alikuwa anaosha kamba. "While" ipo mahali pake, mambo mawili marefu, bega kwa bega, tena kitenzi kile kile pande zote mbili. Nilifurahi hadi nikasimama. Nikamwekea alama kubwa nyekundu, nikaandika "Very good", kisha nikaenda ubaoni nikaiandika kwa herufi za duara, na chini yake jina lake lote. Nilijua kwamba Jumamosi ile ilikuwa siku ya sukari, siku moja katika mwezi ambapo familia za askari zilijipanga katika ukumbi ule ule. Sikujua tu, nilifurahia. Nilitaka wamama wote wa kilima waone.

Asubuhi foleni ilizunguka ukumbi mara mbili. Mimi sikuwa na haki ya sukari, nilikwenda kumpa Candiru daftari lake. Nilimkuta katikati ya foleni, Amina mgongoni. Alifungua, akaona nyekundu, akaigusa kwa kidole. "Hii inasema nini?" "Inasema vizuri sana. Na tazama mbele." Akatazama ubao. Alitabasamu kwanza, nina hakika alitabasamu, kisha tabasamu likakaa pale pale usoni bila mtu. "Rosa," akasema taratibu, "ni wewe iliandika ile?" Kabla sijajibu, afande wa sukari, mtu mnene aliyeketi kwenye meza chini ya ubao na karani wake kijana mwenye miwani, aligeuka kuona watu wanatazama nini. Kiingereza kilimshinda. Akauliza ni nani anajua kusoma, na wamama, kwa nia njema kabisa, wakanionyesha mimi. "Wewe, kuja hapa. Wewe Mkenya? Hii maneno nasema nini?"

Nimeitafuna dakika ile kwa miaka yote hii. Nilisimama mbele ya watu kama mia, mgongo kwa meza, uso kwa ubao, na nikaanza: "Inasema, wakati mimi nilikuwa ninaosha mchele..." Na hapo, kati ya nusu ya kwanza na ya pili, nikakumbuka tone la maji shingoni, nikaelewa. Hakuna mtu anayeosha kamba ya mzigo wa kuni. Kila mtu Kampala alijua kwamba watu wanaochukuliwa hufungwa kwa kamba, na kamba hurudi na damu. Ningeweza kusema sahani. Ningeweza kusema viatu, nepi, baiskeli, dunia nzima imejaa vitu vya kuoshwa. Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba nilimwogopa karani, kwamba miwani ile ilikuwa ya mtu anayejua Kiingereza na angenishika uongo, na mimi mgeni, Mkenya, ningeishia wapi. Woga ulikuwepo, siukatai. Lakini kulikuwa na kitu kingine ambacho kinanifedhehesha zaidi: nilikuwa nimeulizwa Kiingereza mbele za watu, na nilikijua. Mdomo ulikuwa umeshashika njia. "...mume wangu alikuwa anaosha kamba." Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini mimi sikujikwaa. Nilitafsiri vizuri sana.

Afande alitafuta jina, akalisoma herufi moja moja, hilo aliliweza, na wamama wakamwonyesha mwenye jina. "Mama Amina. Kamba gani hiyo nyinyi naosha?" "Ya mbuzi, afande," akasema Candiru. "Ya mbuzi." Afande alicheka kidogo kwa pua. Akanyanyuka, akachukua kitambaa, akafuta sentensi mwenyewe bila haraka, akaacha neno "Usifute" pembeni. "Pima yake," akamwambia karani. "Ongeza." Candiru alipewa sukari kuliko mtu yeyote siku ile. Alipita karibu nami ameshika mfuko kwa mikono miwili. Hakunitukana, hakulia, alinitazama kama mtu anavyotazama sufuria iliyokwisha kumwagika, kisha akapandisha kilima.

Jumatatu, bombani, wanawake walikuwa wanajaza madebe na kuzungumza chini chini. "Yule dereva aliitwa safari saa sita usiku." "Na gari?" "Gari imerudi. Dereva mwingine." Alhamisi nyumba ile ilikuwa na familia nyingine na nepi nyingine kwenye waya. Kuhusu Candiru wengine walisema amepanda lori la kwenda Arua, wengine hawakusema kitu. Mimi sikupanda kuuliza. Niliogopa kuuliza, na niliogopa zaidi kujibiwa. Jumanne Masta alikuwa amekuja, shavu limepungua, akasimama mbele ya ubao ambao chaki ilikuwa imeacha kivuli cha herufi. Akasoma kivuli kile. Nikamweleza yote. Alikaa kwenye dawati la watoto, koti lake likagusa sakafu. "Losa, nnyabo," akasema, akiniita mama kwa Luganda, "wewe uliangaria 'while' peke yake." "Ulituambia tuangalie hiyo, Masta." "Niliwaambia," akasema. Alikusanya madaftari yote, akaenda kuyachoma katika jiko la padri, na darasa likaisha. Kabla mwaka haujakwisha nilikuwa nimevuka mpaka kurudi nyumbani, na Kiingereza changu kilichonyooka.

Kuna jambo moja linanisumbua kuliko mengine. Candiru hakuwa mjinga. Kwa majuma saba aliandika kuhusu maharage na kuni, na akakosea kila mara. Sentensi ya kwanza aliyoipata sawasawa ilikuwa ile. Huenda alikuwa ametii tu sharti la Masta, andika kweli. Au huenda ilikuwa siri iliyomlemea, akatafuta mtu mmoja aisome, kwenye daftari, kimya kimya, katika lugha ambayo mumewe hakuijua. Akamtafuta rafiki yake. Na rafiki akaisoma akampa alama.

Owino nilimkuta Amina nyuma ya marobota ya vitenge, kwenye stuli, mbele yake chai na chapati mbili alizokuwa ameninunulia kabla sijafika. Ana paji la mama yake. Aliponiona alisimama, akashika mkono wangu kwa mikono yote miwili, akapiga goti kidogo. Kiswahili chake ni cha Kongo, kinene na kitamu. "Mama alikufa wakati ya mvua," akasema. "Alikuwaga ananiambia, mwalimu wangu Rosebella wa Mbuya. Kila mara." Walikuwa wamepita Arua, wakavuka mpaka, wakabaki Kongo, naye akakulia huko huko. Akatoa daftari kwenye mfuko wa nailoni. Lilikuwa limeliwa na maji na panya, lakini ukurasa ule ulikuwa mzima. "Alikuwa analiweka mu sanduku pamoja na karatasi ya ubatizo. Kingereza yote alisahau. Alijua tu hii nyekundu inasema vizuri sana. Alisema hakuna mutu mwingine alimwandikia hivyo." Nikamuuliza kama mama yake aliwahi kumsimulia siku ya sukari. "Sukari gani?" akasema.

Chai ilikuwa na sukari nyingi, sikuweza kuinywa. Amina alisogeza stuli yake. Alisema baba yake hamjui, hana hata picha, na mama alikuwa akiulizwa anainuka kwenda kutafuta kazi jikoni. Kiingereza yeye hakukisoma, alisoma shule ya Kifaransa, lakini mtu mmoja sokoni Bunia alimwambia kwamba neno hili hapa maana yake ni mume. Aliliwekea kidole. "Kwa hiyo ndiyo hapa tu baba yangu iko," akasema. "Dunia yote, ni hapa tu. Sikutaka mutu mwingine anisomee. Nilingoja wewe."

Nikavaa miwani, ingawa sikuihitaji. "Wakati mimi nilikuwa ninaosha mchele," nikasoma, "mume wangu alikuwa anaosha sahani."

Amina alifunika mdomo kwa mkono. "Baba? Sahani?" Akacheka, machozi yakamtoka, akamwita mke wa mpwa wangu aje asikie. "Baba yangu alikuwa anaosha sahani, mama anaosha mchele. Mwanajeshi." Alisema vijana wake watatu hawawezi hata kuinua kikombe, atawaonyesha. Kisha akapekua mkoba, akatoa kalamu, akaniwekea daftari magotini. "Niandikie hapa chini, kwa Kiswahili. Na jina yako, vijana bajue ni wewe."

Nafasi ilikuwepo, chini ya alama yangu nyekundu. Niliandika sentensi ile kwa herufi za duara, polepole, kama zamani ubaoni. Chini yake nikaandika jina langu lote.